Treni za Milimita Kumi na Sita

Ngumi ya kwanza ya Shigezo ilimkosa mdogo wake, ikatoboa mlango wa karatasi. Tokuji akacheka. Hapo ngumi ya pili ikampata mdomoni, jino likatoka.

"Treni zangu nilizokusanya miaka thelathini, kaka!" Tokuji alitema damu. "Umezigonganisha makusudi!"

Na kweli, taa ya reli zao ndogo za kuchezea, pale mezani, ilikuwa nyekundu, na Shigezo kaikodolea macho. Shigezo alikuwa dereva wa treni halisi mjini Amagasaki, Japani, mpaka mwaka jana, walipomwachisha kazi na asiseme kwa nini. Aliinyooshea taa kidole kama walivyofunzwa kazini, akapaza sauti, "Kijani!" na kufungulia umeme. Treni mbili zikavaana, zikamwagika chini.

Wazee hawa waseja waliishi chumba kimoja cha kuenea mikeka sita tu. Reli zao zilikuwa za upana wa milimita tisa, saizi ya watu wa vyumba vidogo: zinaenea mezani, magodoro yanatandikwa chini. Sasa Shigezo kaleta kasha la treni kubwa, za milimita kumi na sita. Reli zake zikitandazwa zinamaliza mikeka yote.

"Sema tu unanifukuza!" alifoka Tokuji. "Nitalala wapi?"

"Lala kabatini."

"Kabatini! Mimi paka?"

Loo, hasira! Tokuji alinyakua birika la chuma, akampiga nalo kaka yake begani. Shigezo akaanguka kwa magoti juu ya mabehewa, yakapondeka chini yake kama maganda ya mayai. Tokuji akachukua nyundo.

"Zako kubwa nazo nazisaga. Tuone."

"Zivunje hizo, nami nakufa leo leo!"

Shigezo alitapatapa kulitafuta kasha. Lilikuwa shubiri moja tu kutoka gotini pake, na mkono wake ukalipita mara mbili. Tokuji, nyundo juu, aliutazama mkono ule. Akaishusha. Akalisukuma kasha kwa mguu mpaka likamgusa kaka yake.

Shigezo alitoa behewa moja, akalipapasa kwa kidole gumba, taratibu, huku akilia.

"Dirisha. Dirisha. Mlango wa dereva huu hapa." Akauinua uso kuelekea ukutani, akidhani ndipo aliposimama mdogo wake. "Hii naiona, Tokuji."