Zamu ya Magharibi

Rangi ilikuwa bado mbichi Abdiaziz alipotoka kuswali magharibi. Nyekundu, ikichuruzika ukutani mpaka kwenye ngazi, na maneno yalikuwa yale yale ya siku zote: rudini kwenu.

Alikimbia mpaka kona ya barabara, akatazama huku na huku. Basi lilipita, mama mmoja akapita na mifuko yake ya sokoni. Mhuni alikuwa ameshayeyuka. Hii ilikuwa mara ya pili, na saa ile ile, zile dakika chache anapouacha mlango anaoulinda kuingia ndani kusimama mbele ya Mola wake.

Wenye nyumba hawakupiga kelele. Mzee Haruni, mshika funguo, alitoka na ndoo ya maji ya moto na brashi mbili, moja akampa Abdiaziz. Walisugua katika baridi ya Januari ya Birmingham, baridi isiyo na adabu, inayomwingia mtu mpaka kwenye meno.

"Babu yangu alisugua, baba yangu alisugua," mzee alisema. "Wengine hurithishana mashamba. Sisi tunarithishana brashi."

Akacheka peke yake. Abdiaziz hakucheka. Aliona haya, utadhani ni yeye aliyeandika.

Na juu ya haya kulikuwa na hofu. Sukhjinder, mwenye kampuni ya walinzi, Singasinga wa Kisumu ambaye Kiswahili chake hajakiacha, alipiga simu kabla ukuta haujakauka.

"Mimi napenda wewe, bwana," alisema. "Lakini hawa watu nalipa mlinzi, hapana lipa msugua ukuta. Mara ya tatu, natafuta mtu ingine."

Na kazi ikipotea, Nimo naye basi. Baba yake alishasema wazi kwamba binti yake haolewi na mwanamume anayeshinda mkahawani. Posa ilikuwa ipelekwe Jumapili, na wa kuipeleka ni Mjomba Tahlil, aliyemlea Abdiaziz tangu Mombasa na kumleta Uingereza kwa jasho lake.

Huyu Mjomba Tahlil alikuwa na duka la simu Soho Road, na mdomo unaosikika mpaka mwisho wa barabara hiyo. Siku Abdiaziz alipomwambia kwamba amepata kazi ya kulinda nyumba ya ibada, mzee hakungoja neno la pili. Alitoka mbio kujigamba kwa kila mnywa chai wa Handsworth: wana wenu wanalinda maduka ya pombe, wangu mimi analinda nyumba ya Mungu. Baada ya sifa zote hizo, Abdiaziz aliona heri anyamaze, asiongeze lolote.

Kesho yake alimkuta mjomba nyuma ya duka, akijisugua vidole kwa tepentaini. Milango ya duka ilikuwa inapakwa rangi upya. Televisheni ilionyesha vita, kama kila siku mwezi ule, na mjomba alikuwa akiilaani kwa lugha zote anazozijua.

"Wametuchafulia ukuta tena, mjomba."

Mzee alizima televisheni. Machozi yalimlenga, maana moyo wake ulikuwa karibu na macho.

"Mwaka ule wa mabomu ya London waliniandikia mlango mzima huu hapa," alisema. "Mimi, ninayelipa kodi. Nililia, Abdiaziz. Lakini langu ni duka tu. Mtu anachafuaje mahali watu wanaposujudu? Huyo kazaliwa na nani?" Akafikiri kidogo. "Anakuja saa ngapi?"

"Magharibi, nikiingia kuswali."

"Basi saa za swala anazijua. Mtu mbaya sana huyo." Akamsogelea, akashusha sauti. "Sikiliza. Usiingie ndani. Magharibi ina nafasi yake, icheleweshe kidogo, Mungu anaijua nia yako. Jifiche umngoje. Siku za mwizi ni arobaini."

"Na nikimpata?"

"Mshike, uite polisi. Usimwachie, hata akiwa mtoto wa nani. Akalale gerezani Winson Green, ajifunze heshima ya dini za watu."

Abdiaziz alimbusu mkono. Alitoka pale moyo umetulia, akijiona mwenye bahati ya kuwa na mkubwa wa kumwendea.

Jumatano alijibanza nyuma ya mapipa ya taka, hakuja mtu. Alhamisi, jua lilipozama, akatokea bwana mmoja mwenye koti la kofia, amekumbatia kopo kifuani. Alitembea polepole, akautazama mlango usio na mlinzi, akapanda ngazi.

Abdiaziz alimwacha afungue kopo. Alimwacha achovye brashi. Kisha akamrukia kwa nguvu zote za mtu anayetaka kuoa, wakaanguka pamoja ngazini, rangi ikawamwagikia wote wawili.

"Mzee Haruni, ita polisi!" alipiga ukelele. Ndani alisikia viti vikisogezwa, watu wakiinuka, na funguo za mzee zikilia.

Yule bwana alifurukuta, Abdiaziz akamkaba shingo. Hapo ndipo harufu ya tepentaini ilipompanda puani. Kofia ya koti ikaanguka nyuma.

Mjomba Tahlil alikuwa chali, anahema, ndevu zimelowa rangi. Alimkodolea mpwa wake macho, utadhani aliyefumaniwa si yeye.

"Abdiaziz," alisema, "wewe unatafuta nini kwenye sinagogi la Mayahudi?"