Sarafu Tano za Gaju

Orodha ilikuwa imeandikwa kwa penseli, kwa herufi kubwa zilizokolezwa, na Theogene alikuwa ameikunja na kuikunjua tangu atoke kwake Louisville mpaka ikaanza kuchanika. Sarafu tano za fedha za Uingereza ya kale, zile zilizogongwa moja moja kwa nyundo kabla mashine hazijajulikana. Chini yake palikuwa na maneno mawili yaliyopigiwa mstari: ZISISAFISHWE KAMWE.

Ilitoka kwa Gaju, na kwa habari ya kumposa Nyirabeza, Gaju ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

"Donc, kwa hiyo hataki ng'ombe hata moja?" Karoli aliuliza kwa mara ya tatu. Karoli alikuwa baba mdogo wa Theogene. Theogene alikuwa amempitia kwake Clintonville, mjini Columbus, asubuhi hiyo ya Jumamosi, kwa kuwa mtu haendi kuposa bila mshenga, na katika Columbus nzima hakuna aliyemshinda Karoli kwa maneno.

"Hata moja, papa. Wajomba wa Nyirabeza walishakubali. Banasema, uliza Gaju."

"Na akikataa?"

"Nyirabeza alisema akikataa, basi, imeisha."

Theogene alijaribu kucheka, kicheko kikagoma. Wachumba wawili walikwisha kurudishwa na Gaju: mmoja alizungumza kwa simu wakati wa kula, wa pili aliahidi kitu akasahau. Naye Theogene alimpenda Nyirabeza tangu walipokutana kwenye tamasha la kwaya mwaka 2014, na tangu hapo, mwaka mzima sasa, hajapakia boksi moja ghalani bila kumuwaza. Kumkosa kwa sababu ya sarafu kungekuwa aibu, na tena kungemuumiza vibaya sana.

Ugonjwa huo wa sarafu ulianzia Buffalo, mtaa wa Black Rock, anakoishi Nyirabeza. Mzee mmoja Mmarekani wa nyumba ya jirani alimpa Gaju moja, nyembamba, nyeusi, yenye sura ya mfalme asiyejulikana na mtu. Tangu hapo nyumba ya Nyirabeza ilijaa vitabu vya maktaba kuhusu wafalme, na chakula cha jioni kilikuwa kikipoa watu wakifundishwa nani alimrithi nani.

Ukumbi wa maonyesho ya sarafu, hapo hapo Columbus, ulijaa wazee walioinamia meza wakiwa na lenzi jichoni. Theogene hakujua lolote kuhusu sarafu, lakini ng'ombe aliwajua tangu utotoni kule milimani, na akaona hayo yanatosha. Alitafuta yenye mwili, yenye uso unaoonekana, isiyomeguka pembeni. Karoli alizikagua kama yuko mnadani.

"Ile imekonda. Hii iko na jicho moja. Hii hapa, bon, hii ilinyonya vizuri."

Walipata yenye msalaba mfupi mgongoni, yenye msalaba mrefu, ya mfalme Edwardi wa Kwanza, na moja kubwa ya mjukuu wake. Ya tano ilikuwa nusu. Zamani, muuzaji alieleza, watu waliikata sarafu katikati ili kupata chenji.

Karoli aliruka. "Nusu? Utapelekea bakwe ng'ombe ya kipande?"

"Iko kwenye orodha, papa."

Safari ya kaskazini ilikuwa nyepesi. Theogene aliendesha akiimba, Karoli akiwa kiti cha nyuma, amesema anajinyoosha kidogo. Karibu na Erie wakasimama kutia mafuta. Theogene akageuka. Sarafu zote tano zilikuwa zimepangwa juu ya taulo, zikimeremeta kama vijiko vipya. Pembeni palikuwa na mswaki na dawa ya meno.

"Nimekusaidia," Karoli alisema kwa fahari. "Zilikuwa nyeusi, mtoto wangu. Ng'ombe ya posa tunaiogeshaka kwanza."

Theogene akampa ile orodha. Karoli alisoma mstari wa mwisho, akausoma tena. Toka hapo mpaka Buffalo hakusema neno, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea.

Nyirabeza aliwapokea kwa chai ya maziwa na macho yenye wasiwasi. Akamwita Gaju. Hatua zikasikika kwenye ngazi, na Theogene akasimama, akavua kofia. Karoli akaanza hotuba yake ya wageni waliotoka mbali, lakini Gaju hakuisikiliza. Alinyoosha mkono, akapokea kisanduku cha sarafu, akaenda kuketi kwenye kiti cha dirishani, penye mwanga, na lenzi yake.

Chai ilipoa. Sarafu ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano.

"Zimesuguliwa," Gaju alisema. "Nani alifanya hivi?"

 Theogene alimtazama mshenga wake, alivyojikunja kwenye kochi akiwa amevaa koti lake la sherehe, akamhurumia.

"Mimi," alisema. "Zilikuwa mikononi mwangu, kosa ni langu. Ukisema niende, nitaenda. Ila nampenda sana Nyirabeza, na hilo nilitaka ulisikie kwangu mwenyewe."

Gaju alimtazama. Kisha akalitazama koti la Karoli, ambalo mkono wake mmoja ulikuwa na dawa ya meno mpaka kwenye kiwiko. Akafunga kisanduku, akateleza kutoka kwenye kiti, maana miguu yake ilikuwa haifiki sakafuni, akaenda kumkumbatia Nyirabeza kiunoni.

"Sawa, Mama, anaweza kutuoa," alisema. "Lakini nywele yangu utaendelea kunisuka wewe."