Shauri la Mpira wa Kwanza

Zamu ya Izidori kufungua mchezo ilipofika, aliegemeza fimbo ya puli ukutani, akatoka mpaka baraza ya hoteli na kumpigia mama yake magoti.

Ndani watu wakaangua kicheko.

“Kanyonye kwanza, ndipo upige!” Pankras alipaza sauti. Huyo ni jirani yao wa Mpepai, walikua pamoja tangu wakichunga mbuzi.

Scolastika akaacha karai la maandazi motoni. Mtoto wake wa pekee huyu hakuwa amemwomba shauri tangu alipoota ndevu. Ukimwambia mvua inakuja, anaacha koti makusudi. Leo anapiga magoti, tena mbele za watu!

“Kuna nini, baba?”

“Mama, lori la mkonge limebakiza nafasi moja, na sisi tuko wawili, mimi na Pankras. Bwana Shabani amesema tuichezee puli.”

Scolastika akatupa jicho barabarani. Lori lenyewe alikuwa akiliona tangu asubuhi ng'ambo ya barabara, likingoja matope ya njia ya Kitai yakauke kidogo, limejaa vijana wa kwenda kukata mkonge Tanga. Na Shabani, mwandikishaji wa manamba, alikuwa humo hotelini anakunywa chai na kucheka na kila mtu. Lori kama hilo ndilo lililomchukua mume wake, Urbani. Aliaga kwamba atarudi mavuno yajayo. Izidori wakati huo alikuwa anatambaa. Mpaka leo hakuna salamu, hakuna kaburi.

“Na wewe unataka kushinda?”

“Kuliko kitu chochote, mama.”

Hakuuliza zaidi. Mwenye hofu huuliza nusu. Nusu iliyobaki hujijibu mwenyewe.

Puli aliijua kwa macho. Tangu Thabiti mwenye hoteli ainunue meza ile kwa Wazungu wa Songea, yeye alikuwa akikaanga maandazi chini ya dirisha lake. Unautaja mpira, unautaja na mfuko, unautumbukiza. Ukikosa, unampisha mwenzako. Ugumu uko mwanzoni, mipira yote ikiwa imebanana pembetatu. Anayefungua ndiye mwenye hasara, na senti iliyorushwa ilimpa Pankras kuchagua. Naye mzigo huo akamtwika Izidori.

Vijana wote wa Mbinga walifungua kwa kishindo. Mipira inatawanyika meza nzima, watu wanashangilia, halafu mwenzako anakuja kuidonoa mmoja mmoja kama kuku aliyekuta mtama umeanikwa.

“Nisikilize, baba.” Alimshika mabega kwa mikono yenye unga. “Usipige kwa nguvu. Uguse ule wa pembeni tu, kama unamwamsha mtoto mchanga. Miwili ifike ukingoni kama sheria inavyotaka, basi. Mpira mweupe uzunguke, urudi ulikotoka, ukajibanze huko. Watakucheka. Waache wacheke.”

“Nibariki, mama.”

Akamchora msalaba kwenye paji la uso, unga ukabaki hapo.

“Piga kama mwanamume!” walimzomea aliporudi ndani. Izidori akainama, akagusa. Mipira miwili ikateleza mpaka ukingoni, ikarudi kulala karibu na wenzake. Mweupe ukarudi zake mwisho wa meza. Pembetatu ikabaki imefumba kama ngumi.

Kicheko kikakatika. Pankras akaizunguka meza, akainama, akainuka, akazunguka tena. Hapakuwa na mpira wa kutaja. Mwishowe akataja wowote kwa hasira na kupiga kwa nguvu zake zote. Mipira ikamwagika, hata mmoja haukuingia.

Izidori akaanza kudonoa.

Nje, Scolastika alisali huku maandazi yakiungua. Mungu hawezi kumnyang'anya mara mbili. Na mtoto mwenyewe sasa ametulia! Mwaka huu ameezeka upya nyumba ya mama yake bila kuombwa. Nyasi za ngoro, za kuzungushia mashimo ya kulimia mteremkoni, ambazo ni kazi ya mwanamume kuzikata na kuzipanga ndipo mwanamke afukie udongo, amezipanga shamba zima kabla ya mwanamume yeyote wa Mpepai. Huyo ni mtoto wa kukaa, alijiambia. Mtoto wa kunizika.

Shangwe ikalipuka ndani. “Izidori! Izidori!” Shabani alikuwa akimpongeza kwa sauti kuliko wote.

Scolastika akaketi chini. Hapo ndipo Pankras akatoka, akajitupa kwenye ngazi ya baraza, akalia waziwazi kama mtu aliyefiwa. Furaha ya Scolastika ikaona aibu. Alimfikiria mama wa kijana yule, atakavyoshinda njiani akitazama kila lori linalotoka Songea, kama alivyofanya yeye.

“Pole, baba,” alimwambia. “Mungu yupo.”

Pankras akatikisa kichwa.

Ng'ambo, lori likanguruma na kupiga honi. Scolastika akavua kitambaa chake cha kichwani, akayachagua maandazi yasiyoungua na kuyafunga yote. Angalau kijana wa watu asishinde njaa njia nzima. Alipoinua macho, ngazi ilikuwa tupu. Akavuka barabara mbiombio, matope yakimvuta miguu, akalifikia lori likianza kusogea.

“Pankras! Chakula cha njiani, Pankras!”

“Niko hapa, mama.”

Sauti ilitoka nyuma yake. Pankras alikuwa amesimama kando ya barabara, pamoja na waliobaki.

Kutoka juu ya lori mkono ukateremka, vidole vina chaki ya puli, ukaupokea mzigo.

“Asante, mama,” alisema Izidori. “Bila shauri lako ningebaki.”