Mistari ya Kijani

Ta-ta-ta. Kimya. Ta. Mama aliisikia kibodi tangu ngazini. Akashika ukuta, akajivuta na goti lake bovu mpaka mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na hizo nywele, umepigana na paka?"

Fundi wa tovuti, aliyekuwa akifanya kazi na mwanawe, alicheka kidogo, akamvutia kiti cha pili, kile ambacho hakikaliwi na mtu mwingine. Akafungua ukurasa ambako programu huonyeshwa kama zilivyoandikwa, kila neno na rangi yake: amri bluu, namba nyekundu. Kazi ya mwanawe ilijaa kioo kizima, inang'aa kama kitambaa kipya dukani.

Mama hakuelewa hata neno moja la bluu. Yeye aliifuata mistari ya kijani. Hiyo ni maneno ya mtu kwa mtu; kompyuta huiruka kana kwamba haipo. Mama alitua hapohapo. Kila Ijumaa alikuta mstari mmoja mpya.

Akaisogeza miwani, akasoma polepole, midomo ikicheza:

*Mama, goti bado? Likande kwa maji ya moto, na uache kupanda ngazi kama msichana.*

"Mtundu huyu!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Yalipotoka, hayakukoma.

Fundi aliinamia kibodi. "Mama, huu ukurasa nataka kuufunga."

"Kwa nini?"

"Una makosa."

"Makosa gani? Si rangi zote hizi hapa?"

Mama alikumbatia mkoba wake kama mtu anayeporwa njiani. Wiki yake nzima ilining'inia kwenye huo mstari mmoja. Ukikatwa, angeamka asubuhi kwa ajili ya nini?

Akatazama kijani kile kwa muda mrefu. Kisha akaushika mkono wa fundi, akauweka juu ya goti lake.

"Hapa niliumia siku ya kumzika mwanangu, baba. Nilianguka palepale kaburini. Yeye angejuaje?"

Fundi alitaka kuuvuta mkono, mama akaubana palepale.

"Wewe niandikie tu," mama akasema.

"Siufungi, mama. Ijumaa utakuta mwingine."