Kiti cha Watu wa Serikali

Yurub alivua viatu, akainama aketi mkekani kama siku zote. Shangazi yake akaweka mkono pale alipotaka kukaa.

"Hapana, daktari. Wewe kaa kwa kiti."

Kilikuwa kile cha mbao, mguu mmoja umefungwa kwa ukanda wa ngozi ya ngamia, wanachopewa watu wa serikali wakifika Bura. Lakini kilichomchoma Yurub ni Kiswahili. Shangazi aliyemlea hakuwahi kumsemesha ila kwa Kisomali.

"Tumekuchagua kwa sababu wewe ni mmoja wao," mkufunzi wake alikuwa amemwambia kule Garissa, mwisho wa kozi ya afya ya mwaka wa tisini na nne, akimvisha koti jeupe. "Wanawake watakufuata."

Yurub akaketi kitini. Chini, kati ya wanawake waliokaa mkekani, bakuli la maziwa lilizunguka mkono kwa mkono, likamfikia wifi yake mjamzito. Miguu ya wifi ilikuwa imevimba hadi ndara zimeacha alama. Yurub aliijua hatari ile. Ilibidi wifi aende hospitali leo hii.

Akafungua kinywa, na swali likatoka vile alivyolikariri darasani, kwa Kiswahili.

"Mama, miguu imeanza kuvimba lini?"

Wifi aliwatazama wenzake, kisha akavuta nguo, akaifunika miguu.