Matope ya Puani

Zamani wanyama walipokuwa wakigombea bonde lenye maji, Nguchiro, mpole aliyenusa kila kitu kabla ya kukigusa, aliingizwa katika jeshi la Nyegere. Kila asubuhi Nyegere aliwaziba askari wake pua kwa matope.

"Anayenusa huchelewa, na anayechelewa hufa," aliwafunza. "Mashimoni mwa adui mna nyoka tu. Kinachotikisika, rarueni."

"Na kikilia, afande?" Nguchiro aliuliza.

"Hata nyoka hulia."

Miezi ikapita, Nguchiro akaacha kuuliza. Siku ya vita aliingia shimoni mwa adui yao, Panyabuku, akararua kila kilichotikisika. Vilio alivisikia, wala hakusita. Alipotoka akavishwa shada la maua.

Aliporudi kwao alishuka mtoni kuoga. Matope yakalainika, yakamtoka puani. Mkewe akamkuta ameduwaa, anainusa mikono yake.

"Baba Chane, mbona unainusa mikono? Si mliua nyoka?"

"Ndivyo tulivyoambiwa," akajibu. "Lakini mikono inanuka maziwa. Nyoka hanyonyeshi, mke wangu."

Chane, mwanawe, akaja mbio ili abebwe. Nguchiro akaificha mikono mgongoni.