Kiti cha Mama Dorothée

Mswidi yule alimkumbatia Papa Onésime mbele ya jokofu la samaki, akakawia kumwachia.

Jina lake Anton, mkuu wa kamati iliyopewa kazi ya kutafuta wagombea wa bodi ya shule. Mtu mrefu, mkimya, ambaye kwa miaka yote aliyonunua samaki katika duka lile la mtaa wa Fittja, Uswidi, hakuwahi kuzidisha salamu. Onésime, mwenye duka, alikuwa amemwambia neno moja tu, kwamba anakitaka kiti cha Mama Dorothée kwenye bodi hiyo. Anton akamuuliza kama ana hakika. Alipojibiwa kwamba anayo, ndipo alipofungua mikono, na macho yakamlengalenga.

“Wameona,” Onésime alimwambia mkewe jioni ile. “Hata Waswidi wameona kwamba wakati wangu umefika.”

Mkewe, Aurore, alijipapasa misuko yake mipya, akasema naam, umefika.

Shule yenyewe, aliyosoma mtoto wao Bonheur, ilikuwa ya ushirika: wazazi ndio wenyewe, na wazazi ndio waichaguao bodi. Mama Dorothée, mwenye saluni ya nywele upande wa pili wa uwanja uliokuwa mbele ya duka, alikuwa amekikalia kiti chake kwa muda ambao kwao Kivu watu huanza kutafuta bunduki.

Aurore ndiye aliyeuleta moto nyumbani. Kabla ya hapo alikwenda kusukwa, na Mama Dorothée, vidole vikiwa utosini mwake, akatangaza saluni nzima isikie: “Mwambie bwana yako, hiki kiti nitazikwa nacho. Muuza samaki atakaa wapi, na ile harufu?” Aurore aliyafikisha maneno hayo yote, hata ile harufu hakuisahau.

Yakamchoma Onésime. Alikwisha gombea uzee wa kanisa akashindwa. Akagombea uenyekiti wa chama cha watu wa Kivu, akashindwa na mtu aliyekuwa amelazwa hospitalini. Na safari hii alikuwa ametangulia kumpigia simu mama yake, Bukavu. Bi kizee akaipeleka habari kanisani, na kabla ya ibada ya pili mtaa mzima ulikuwa unamwombea mwanawe aingiaye katika serikali ya Uswidi. Akishindwa tena, hana uso wa kumwonyesha mama yake.

Basi akafanya kampeni ya kikwao. Kila asubuhi alisimama langoni mwa shule, shati la kitenge juu ya koti la baridi, akiwagawia wazazi maandazi ya moto. Walimpa mkono, kisha wakamwongeza na wa pili. Baba mmoja, Mswidi wa mtaa wa Hässelby kwa asili, alimuuliza mgongo wake una hali gani. Onésime akadhani ndivyo wasalimianavyo watu wa Hässelby, naye akamuuliza wake.

Mpinzani wake hakulala. Jumamosi alionekana kwenye ngazi za shule na koleo, akiondoa theluji. Jumapili, watu wakitoka kanisani, alionekana akitoka vyoo vya watoto na viatu vya mpira na ndoo.

“Tazameni unafiki,” Onésime aliwaambia wateja wake. “Anadhani kura zimo chooni.”

Mama Dorothée naye akamjibu kutoka mlango wa saluni: “Papa Bonheur, kauze makayabo yako, hao samaki wa chumvi. Uongozi si wa kila mtu.”

Wateja walicheka, na Onésime akakosa usingizi. Kesho yake alipanda juu ya benchi langoni mwa shule, akawatangazia wazazi kwamba kila alifanyalo Mama Dorothée, yeye atalifanya mara mbili, na Mungu ni shahidi. Makofi yakavuma. Mama mmoja akamwomba alirudie neno lile, apate kulirekodi. Akalirudia, akaongeza na ishara za mikono.

Siku ya mkutano aliingia ukumbi wa chakula na suti aliyofungia ndoa. Aurore alikaa nyuma, nywele zake zimesukwa upya, ameinua simu ili mama mkwe aone kila kitu kutoka Bukavu. Onésime alikuwa ameandaa hotuba ndefu, yenye mwanzo, kiini na machozi. Hakuwahi kuifikisha hata kwenye kiini. Anton alisoma jina lake peke yake, akauliza kama ukumbi unamkubali. Ukumbi ukanguruma “ja”, yaani ndiyo, kwa kinywa kimoja. Nyundo ikagonga meza.

Vigelegele vikatoka simuni. Onésime aliinama kulia, akainama kushoto, mkono kifuani, kisha akanyanyua macho amtafute mshinde wake, maana mshindi mwema humfariji.

Hakumwona kitini. Alimwona akitoka jikoni, amebeba keki kubwa ya kijani, ya namna ile Waswidi wailayo penye furaha. Juu yake, kwa sukari iliyokwisha kukauka, palikuwa pameandikwa kwa Kiswidi: Asante, Onésime.

Mama Dorothée akaitua keki mezani. Akachomoa koleo lile la theluji nyuma ya mlango, limefungwa utepe mwekundu shingoni pamoja na ufunguo wa vyoo, akamkabidhi kwa mikono miwili huku ukumbi mzima umesimama ukipiga makofi.

“Yesu wangu,” alilia bi kizee kutoka Bukavu, “wamempa na fimbo ya utawala.”

Mama Dorothée alikuwa amekwisha vaa koti. Akapita nyuma, akambusu Aurore shavu hili na lile.

“Jumamosi uje nikusuke, mama,” akasema. “Bure, kama tulivyopatana, mpaka Bonheur amalize shule.”